Kituo cha Nane



Nimeombwa niwaandikie juu ya vipaji na utume wa msanii kijana. Ningeweza kuurudia mfano wa talanta, ambao mmekwisha kuusikia katika kila semina, nanyi mngenivumilia kwa adabu. Lakini kuna jambo moja linalonisumbua tangu Kwaresima ya mwaka 2018, na naona ni heri nilieleze kuliko kuwahubiria.

Wakati huo kikanisa chetu hapa Katanika kilikuwa kimepoteza picha zake za Njia ya Msalaba. Zilikuwa za karatasi, zilizochapishwa Ulaya, na unyevu wa ziwa ukishirikiana na mchwa ulizimaliza moja baada ya nyingine, hata ukutani ikabaki misumari kumi na minne. Kwaresima mbili mfululizo tulipiga magoti mbele ya misumari. Wazee walisema haidhuru, kwa kuwa misumari nayo imo katika habari ile.

Siku hizohizo Katanika ilikuwa imejaa watu waliokimbia mapigano ya Nyunzu, Manono na Kabalo. Mnaokumbuka mwaka 2017 mnayakumbuka yale maturubai na foleni za maji. Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwamo kijana wa miaka kumi na saba hivi, mkimya, aliyechora kwa kipande cha makaa juu ya karatasi za mifuko ya simenti. Alichora mbuzi, pikipiki, wanawake wenye madumu, mzee aliyelala mdomo wazi. Watoto walimzunguka tangu asubuhi. Nikamwita. Nilikuwa na kadi za Njia ya Msalaba, ndogo kama kiganja, nilizopewa zamani na mtawa mmoja. Nikampa kadi hizo, karatasi ngumu kumi na nne, penseli na rangi za maji za shule, nikamwambia, “Mwanangu, uzichore hivihivi zilivyo, ila ziwe kubwa.” Akajibu, “Ndiyo, Mwalimu.”

Baada ya majuma mawili alizileta. Kumi na tatu zilikuwa kama kadi. Ya nane haikuwa kama kadi.

Mnajua kituo cha nane: wanawake wa Yerusalemu wanamlilia Yesu. Kwenye kadi walikuwa wanawake watatu wenye kanzu za buluu, wamepiga magoti juu ya mawe safi. Kwenye karatasi ya kijana walikuwa watano, wanatembea. Mmoja alibeba godoro lililokunjwa, mwingine sufuria zilizofungwa kwa kitenge, mwingine mtoto mgongoni na dumu mkononi. Yesu alikuwa katikati yao na msalaba wake, anatembea kuelekea walikoelekea wao, na kwa kuwa kila mtu pale alikuwa na mzigo, ukitazama haraka hukumwona. Ilikupasa utafute.

Nilitafuta, nikamwona, nikasema, “Hii haimo kwenye kadi. Irudie.”

Hakubisha. Siku ya tatu alileta nyingine, yenye kanzu za buluu na mawe safi. Nikamlipa kidogo, nikamwongezea miche miwili ya sabuni, na Ijumaa iliyofuata watu walisali mbele ya picha kumi na nne, wakafurahi. Bado zipo. Hakuna hata moja yenye jina la aliyezichora. Kijana yule hakuchora tena kwa ajili ya kanisa, nami kwa muda mrefu sikuona kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza.

Nijitetee kidogo. Mimi nilisomea ualimu, na katika chuo cha walimu tulifundishwa somo la uchoraji namna hii: mwalimu anachora kikombe ubaoni, wanafunzi wanachora kikombe kile, na aliyekaribia zaidi kikombe cha mwalimu anapata alama nyingi. Nimekichora kikombe hicho kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Siku moja mtoto wa darasa la tatu aliongeza chai na mvuke, nikamtoa alama mbili. Katekisimu nayo tuliijifunza hivyo, swali na jibu, na jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya swali kuulizwa. Sisemi kwamba ni vibaya kukariri; mambo mengi ya imani nisingekuwa nayo leo kama nisingeyakariri utotoni. Nasema tu kwamba mkono uliozoea kusahihisha hukimbilia kusahihisha.

Miaka mitano baadaye nilikwenda Lubumbashi kwa mafunzo ya walimu. Jioni moja mpwa wangu, anayesoma huko, akaniambia, “Mjomba, twende ukaone wenzetu wanavyofanya kazi.” Tukaingia katika ua mmoja, wakakaa vijana kama kumi na watano juu ya viti vya plastiki. Binti mmoja akabandika ukutani picha sita alizozipiga mwenyewe: viti vitupu vya kituo cha reli. Viti tu. Kisha akanyamaza. Kwa karibu saa nzima wale wengine walimwuliza maswali. Kwa nini kiti hiki kimepigwa kutoka chini? Nani alikuwa amekaa hapa? Mbona hii ya tano ina mwanga wa asubuhi na nyingine zote ni za jioni? Ungeziweka wapi kama si ukutani? Hakuna aliyesema ni nzuri, wala aliyesema ni mbaya. Mimi nilikwisha kuinua mkono nimweleze binti yule kwamba picha ya pili imepinda, mpwa wangu akaushika mkono akaushusha polepole, kama mtu anavyomzuia mtoto asiongee wakati wa mageuzo. Swali la mwanga wa asubuhi lilimfanya binti anyamaze kitambo. Hatimaye akasema kwamba ile ya tano aliipiga siku baba yake aliporudi. Hakuwa amefikiri juu yake kabla ya kuulizwa.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza kituo cha nane.

Tangu hapo nimejitahidi kujifunza habari za nyumba za namna hiyo, yaani vituo vya sanaa ya leo vinavyowasaidia wanaoanza. Lubumbashi kuna Picha, chama kilichoanzishwa mwaka 2008 na wasanii wenyewe, miongoni mwao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza. Ndicho kilichozaa maonyesho makubwa ya Biennale ya Lubumbashi. Toleo la mwaka 2022 lilichukua sumu kuwa mada yake, katika mji uliojengwa juu ya shaba. Kuna pia kituo cha Waza, anachokiongoza Mudekereza. Ng’ambo ya ziwa letu, huko Dar es Salaam, mwaka huohuo wa 2008 kilianzishwa kituo cha Nafasi Art Space katika eneo la viwanda la Mikocheni, ambako wasanii hufanyia kazi ndani ya makontena yaliyogeuzwa vyumba. Tazameni majina hayo: Picha, Waza, Nafasi. Yote matatu ni maneno ya lugha tunayosalia, na kila mtoto wa Katanika anayaelewa bila kamusi.

Huyo Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa kazi aliyoiita “Mémoire”. Alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, waliopigwa na wakoloni, akawaweka ndani ya picha mpya za magofu ya Gécamines. Watu wale wamesimama mbele ya mitambo iliyokufa kana kwamba wamekuja kudai mshahara. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilijiuliza kadi yake ilikuwa ipi. Hakuwa na kadi. Mtu anapofanya kazi isiyo na kadi, anahitaji mahali ambapo hataambiwa airudie kabla haijakwisha kusema. Kwa ufahamu wangu wa mtu wa kijijini, huo ndio utume wa vituo hivi. Chumba, rangi, kamera ya kuazima, nauli, vyote ni vya lazima, na msidanganywe na anayesema kipaji kinajitosheleza. Lakini chumba na rangi mimi nilimpa yule kijana. Alichokosa kwangu ni mtu wa kuketi mbele ya karatasi yake na kumwuliza.

Wala msidhani haya yalianza juzi. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja aitwaye Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Aliwaalika Waafrika wachore bila kuwapa mfano wa kuiga. Pilipili Mulongoy, aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu, akaanza kuchora samaki, ndege na nyoka kwa subira isiyo na mfano. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa mistari mifupi mifupi, ukadhani ni kitambaa kilichofumwa. Watatu walioketi chini ya paa moja, na hakuna awezaye kuchanganya kazi ya huyu na ya yule. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Katika darasa langu vikombe vyote arobaini vilifanana.

Hata hivyo nisiwafichie upande wa pili. Yule Mfaransa aliwatazama watu wazima wale kama watoto wake, na hakutaka waige sanaa ya Ulaya, kana kwamba macho ya Mwafrika yangeharibika yakiona mengi. Alikuwa amevunja ukuta mmoja akajenga ua mwingine, mzuri zaidi, wenye maua. Alipofariki mwaka 1954 karakana ile iliingizwa katika chuo cha sanaa cha Laurent Moonens, na Pilipili pamoja na Mwenze wakawa walimu huko. Picha imechukua hatua nyingine, kwa kuwa wasanii hawakungoja baba. Ila wao nao wana wafadhili, na mfadhili naye hushika kadi zake mkononi: mwaka huu anataka amani, mwaka ujao anataka mazingira, mwaka wa tatu ameondoka. Msanii kijana afundishwe kusoma kadi hizo pia, apokee fedha pale anapoweza bila kugeuza mkono wake.

Hapa kwetu ufukoni tuna sababu yetu ya kuyatafakari haya. Mnajua Mpala, kusini mwetu kando ya ziwa hilihili. Ngome yake ilijengwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mwishoni mwa mwaka 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Watabwa, wakamwua na kumkata kichwa, na sanamu ya ubao ya ukoo wake ikachukuliwa. Mwaka uliofuata, 1885, ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na humo ndimo mwanzo wa misheni katika sehemu zetu. Sanamu ile iko Tervuren, karibu na Brussels, hadi leo. Jina la Lusinga linajulikana, jina la Storms linajulikana. Wachongaji wa ufuko huu, waliojua kuweka utulivu ule katika uso wa mti, majina yao hayakuandikwa. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari hizi kwa uchungu, nikiwalaumu waliochukua vitu bila kuuliza nani alivitengeneza. Kisha Ijumaa nilikuwa napiga magoti mbele ya picha kumi na nne zisizo na jina, na mchoraji wake anakaa umbali wa kutembea dakika kumi.

Mtaniuliza kama Kanisa linaruhusu Mwanamke wa Yerusalemu abebe godoro. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema waziwazi kwamba Kanisa halikuchagua mtindo mmoja wa sanaa uwe wake peke yake, na kwamba sanaa ya kila taifa iwe na nafasi, mradi ilete heshima inayostahili nyumba ya Mungu. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua nzima mwaka 1999. Nilikuwa nimezisoma hati hizo. Niliwahi hata kuzifundisha.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kitabu cha Kutoka, ambacho nilidhani nakijua. Katika sura ya 31 Mungu anamwita Besaleli kwa jina, anamjaza roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na kumpa Oholiabu awe mwenzake. Watu wengi huishia hapo. Ukiendelea hadi sura ya 35 utakuta kwamba hao wawili walipewa na kipaji cha pili, yaani cha kuwafundisha wengine. Kumbe hema ya kukutania ilijengwa na watu waliokuwa wakifundishana. Na katika Injili ya Yohane, maneno ya kwanza kabisa anayoyasema Yesu ni swali: wale wawili wanamfuata nyuma, naye anageuka na kuwauliza wanatafuta nini. Alikuwa anajua, naye akauliza.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, nilimtafuta kijana yule. Sasa ni mtu mzima mwenye mke na mtoto, anaandika majina ya maduka na kupaka maneno kwenye mitumbwi ya wavuvi. Ana mkono imara. Nilimkuta bandarini akimalizia herufi za jina la mtumbwi, akaniamkia kwa heshima ileile, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikakaa juu ya kreti la samaki. Sikujua nianzeje, basi nikaanza na swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka saba iliyopita: kwa nini wanawake wale walikuwa wanatembea?

Aliendelea kupaka rangi kwa muda. Kisha akasema kwamba walipokimbia walitembea siku nne, na mama yake alikuwa mbele, akilia bila kusimama, kwa sababu kusimama kulikuwa hatari. Alipoona kwenye kadi wanawake wanalia huku wamepiga magoti, alidhani aliyechora kadi hakuwahi kuona watu wakilia njiani. Akaona amsaidie.

Ndivyo alivyosema: amsaidie.

Nikamwuliza picha ile iko wapi. Akasema ilizibia tundu la turubai msimu mmoja wa mvua, ikaisha. Nikamwomba msamaha, naye akaona haya kuliko mimi, kwa maana si desturi mzee kumwomba kijana msamaha mbele ya wavuvi. Mmoja wao alicheka.

Katanika hatuna jumba la sanaa, na sitawaahidi kwamba tutajenga. Tuna darasa moja ambalo Jumamosi alasiri halina watu, na paroko ametupa ufunguo. Tumekutana mara sita. Huja vijana saba, wakati mwingine wanne: wawili wanaochora, msusi mmoja, mmoja anayepiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mshairi ambaye hataki tumwite mshairi. Kila mmoja anaweka kazi yake juu ya meza, na mpaka maswali matatu yaulizwe hakuna ruhusa ya kusifu wala kusahihisha. Mimi hukaa nyuma, na mara mbili nimevunja sheria hiyo, nikatozwa faini ya karanga. Mara ya tatu tulishindwa kabisa, watu walionana haya, tukaimba tukarudi nyumbani. Kila kazi inaandikwa jina na tarehe kwa nyuma.

Mara ya sita mchoraji wa mitumbwi alikuja, akasimama mlangoni, hakuketi. Alitazama ukuta, akatazama meza, akasikiliza msusi akiulizwa kwa nini mkeka wake una ukingo upande mmoja tu. Tulipokuwa tunafunga nilimwambia kwamba ningependa kikanisa kiwe na kituo cha nane kipya kabla ya Kwaresima ijayo.

“Cha kadi, Mwalimu, au kile kingine?”

Nikamwambia kile kingine, na safari hii aandike jina lake.

Akafikiri kidogo, akaniuliza karatasi nitaleta lini.